Bluu ya Mama Kwanini

Mama Kwanini hakuwahi kuzaa mtoto anayeitwa Kwanini. Naliweka wazi mapema, maana kuna mpangaji mgeni aliwahi kumwuliza, kwa heshima zote, huyo Kwanini yuko darasa la ngapi, na mtaa ukacheka mpaka ukakaa chini. Jina hilo amelipata kwa mdomo wake mwenyewe. Ni dobi. Ukimpelekea shuka zako atazipokea, atazigeuzageuza, halafu ataanza: hili doa ni la nini, mbona liko upande wa miguuni, kwani unakula kitandani, na kwa nini ule kitandani wakati meza unayo. Nguo utazipata safi, zimenyooka, zinanukia jua, lakini huondoki pale kabla hujajieleza. Wapo wanaume wazima wanaopeleka nguo mtaa wa pili, kwa dobi anayezichakaza, kisa kukwepa maswali tu.

Anafua kwa mkono, na nyeupe ndizo sifa yake: shuka za nyumba ya wageni, makoti ya zahanati, mashati ya walimu. Siri yake wala si siri, ni bluu, ile ya unga anayoitia kwenye maji ya mwisho. Anatia kidogo, anakoroga kwa mkono, anatia tena, mpaka maji yawe na rangi anayoijua yeye na Mungu wake. Kucha zake zina ubuluu mwaka mzima, na mtoto wa jirani aliwahi kudhani ndivyo alivyozaliwa.

Uwanja wake wa kuanikia uko ubavuni mwa nyumba, kati ya ukuta na njia ya mtaa. Zamani mtaro wa mtaa ulipita hapo ukiwa wazi, na shuka zikipeperuka zinarudi na matope. Marehemu mume wake alikuwa mwashi. Siku moja alichoka kusikia mkewe akiuliza kwa nini kuna waashi wanaojengea watu wengine tu, akalaza bomba ndani ya mtaro, akamwaga zege juu yake, akalisawazisha mpaka likawa laini kuliko sakafu nyingi za ndani. Watu wote walitoka kusaidia. Aliyebeba mchanga wakati huo alikuwa kijana mwuza mbao, na leo ndiye mwenyekiti wa mtaa. Tangu siku hiyo uwanja ukawa wa wote. Hata mikutano ya mtaa hufanyika pale, chini ya kamba, na mwenyekiti huhutubia huku akisukuma soksi ya mtu isimguse usoni.

Kule chini njia inakoteremkia, karibu na barabara kuu, ndiko anakokaa mdogo wake, mshonaji. Hao wawili walilelewa na bibi mmoja, wakalala kitanda kimoja, wakaolewa mtaa mmoja, na sasa wote wawili ni wajane. Kila asubuhi, kabla hajagusa karai, Mama Kwanini huteremka kunywa chai jikoni kwa mdogo wake. Anaongea yeye. Mdogo wake anatia sukari, anasikiliza, anasema "mh" pale panapostahili "mh". Ukitaka kujua nani kati yao anamhitaji mwenzake zaidi, usidanganywe na huo wingi wa maneno.

Na jiko hilohilo ndilo lililokuwa likiingia maji. Ikinyesha mvua ya maana, maji yanaingia kwa mlango wa nyuma, yanapita jikoni, yanafika chumba cha cherehani. Mvua zilizopita zililowesha sare za kwaya nzima, zikachujiana rangi, ikabidi azishone upya usiku na mchana. Mwanawe anayefanya kazi mji mwingine alikuwa akimwita siku zote akakae kwake, naye akawa anakataa. Safari hii hakukataa.

"Mvua zijazo hazinikuti hapa, Dada," alisema, kwa sauti ileile anayotumia kusema chai imeiva. "Nimeshamwambia mtoto aje anichukue."

Mama Kwanini alikosa swali. Chai ilimpalia, akakohoa mpaka machozi, na hayakuwa yote ya kukohoa. Tangu hapo raha ikamwisha. Asubuhi aende wapi, aongee na ndoo? Akaapa kwamba hayo maji atajua yanakotoka. Kinyozi wa jirani alimwambia yanatoka mbinguni, akanuniwa wiki nzima.

Akaanza kuuliza. Alimwuliza mwenyekiti akiwa dukani kwake, akamwuliza tena akiwa njiani, akamwuliza mara ya tatu amebeba jeneza la mtu. Mwenyekiti, ambaye humwita shemeji kwa sababu alikuwa kama ndugu na marehemu, aliona akheri akaitishe mkutano na amlete mtu wa manispaa, kuliko kuendelea kuandamwa namna ile.

Mtu wa manispaa alikuwa mhandisi wa mitaro, binti mwembamba aliyevaa gambuti hata jua likiwaka. Aliwaamkia wakubwa mmoja mmoja, akapewa kiti chini ya kamba, akasikiliza. Kila aliyesimama alisema neno moja: karavati. Yaani lile tundu la zege linalopitisha maji chini ya barabara kuu. Limeziba, wakasema, maji yanarudi nyuma. Walikuwa wamelizibua Jumamosi baada ya Jumamosi, lakini bado walilishuku.

"Nimeingia kwenye karavati mpaka kiunoni," mhandisi akasema. "Ni safi kuliko jikoni kwangu."

"Kwani jikoni kwako kukoje?" Mama Kwanini akauliza.

Watu wakacheka. Binti naye akacheka, akaeleza vizuri tu kwamba hapiki mara kwa mara, na kwa nini. Hapo Mama Kwanini akampenda.

"Basi nikuulize jingine, mwanangu. Barabara na karavati viko mbele ya nyumba ya mdogo wangu. Maji yanaingia kwa nyuma. Kwa nini yazunguke nyuma kama mwizi?"

"Hata mimi hilo limenikaa kichwani tangu jana," mhandisi akasema. "Wa kutujibu ni maji yenyewe. Tunayatia rangi kule juu yanakoanzia, halafu tunakaa kuyatazama yanapotokea. Shida ni kwamba ghalani rangi imeisha, na nikiagiza, mvua zitatutangulia."

"Rangi gani?" mwenyekiti akauliza.

"Yoyote inayoonekana na isiyodhuru mtu."

Watu waligeuka tu, mmoja baada ya mwingine, wakazitazama kucha za Mama Kwanini. Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa alifurahi mpaka akapiga makofi. Mdogo wake, aliyekuwa amekaa pembeni mkutano mzima bila kufungua mdomo, aliinuka, akasema kuna nguo ya mtu inamsubiri, akaenda zake.

Mtaro ulikuwa mkavu, kwa hiyo mwenyekiti akahangaikia boza la maji, lile lori la tangi. Sitasimulia alivyozungushwa, njoo kesho, njoo keshokutwa, mwenye ufunguo ametoka. Itoshe kusema kwamba alipolipata alirudi nalo amekaa mbele kando ya dereva, mkono nje ya dirisha, utadhani amelinunua. Mhandisi alikuwa ameshawapanga watu: kila mmoja asimame pale anapopajua, na akiona bluu aseme kwa sauti. Mama Kwanini alikabidhi kopo lake zima la unga. Akaulizwa asimame wapi, akasema jikoni kwa mdogo wake, maana alitaka awe wa kwanza kuona.

"Dada, si ungebaki tu kwako?" mdogo wake akamwambia alipomwona mlangoni.

"Kwangu kuna nini cha kuona?"

Mdogo wake alimsogezea kiti. Alimimina chai, akakaa karibu na mlango wa nyuma, mikono mapajani. Pembeni ya ukuta kulikuwa na masanduku mawili yamefungwa kamba tayari kwa safari, na Mama Kwanini alikaa akiyapa mgongo.

Sauti zikaanza kuteremka na njia. Imepita kwa mwuza mkaa. Imepita kwa kinyozi. Imepita kwa mwalimu. Mama Kwanini alizihesabu kwa kutikisa kichwa, amesimama sasa, shingo nje. Halafu sauti zikakatika. Alisubiri ifuatayo, haikuja. Huko mbele, kwenye mtaro wa upande wa barabara, kulikuwa bado na vumbi tu.

"Yamekwenda wapi?" akauliza. "Maji ya boza zima yanapoteaje?"

"Tazama huku," mdogo wake akasema taratibu.

Chini ya ukuta wa nyuma, pale penye nyufa, ulikuwa unaingia mchirizi wa maji, mwembamba, kisha mnene, wa buluu safi kabisa. Ulikata uwanja wa nyuma, ukafika kizingiti cha jiko, ukasimama kidogo, ukaanza kupanda.

Jamani, yule mama na magoti yake hayo, alivyoruka. Hakungoja mtu. Alitoka na kuufuata ule mchirizi kinyume, akapenya uchochoro wa nyuma ya nyumba, ule ambao mtaa uliuziba kwa mabati mwaka wa wezi na tangu hapo hakuna aliyepita. Alisukuma bati, akainama, gauni likanasa kwenye msumari, akalinasua. Alikuwa akiongea na maji njia nzima, haya bwana, unatoka wapi, nipeleke. Uso ulimng'aa. Kwa sababu alikuwa ni yeye, macho hayakukaa kwenye maji peke yake: akagundua kwamba muuguzi anafuga sungura kwa siri, na kwamba sinia lake yeye mwenyewe lililopotea liko nyuma ya nyumba ya fundi redio, limefunikia pipa. Yote hayo aliyaweka moyoni kwa matumizi ya baadaye. Njia ya maji iliendelea kupanda mbele yake, ukuta baada ya ukuta, naye akiifuata, mpaka ikafika mwisho.

Mwisho ulikuwa ukuta uliopakwa chokaa. Maji yalikuwa yanabubujika chini yake, kwenye msingi, kutoka kwenye mwanya unaoweza kupitisha paka. Mama Kwanini aliinua macho kutazama ni kwa nani. Juu ya ukuta zilionekana kamba, na kwenye kamba shuka za nyumba ya wageni, na shuka zile alizianika mwenyewe asubuhi.

Alisimama pale. Aliinama akatia kidole kwenye maji, akakitazama kidole, akayatazama tena maji. Kisha akatafuta pa kupita, akazunguka mpaka mbele.

Mtaa mzima ulikuwa umesimama kwenye zege lake. Mhandisi alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, tochi mkononi, kichwa kimeingia chini. Alipoinuka, alijipangusa mashavu kwanza.

"Bomba ni jembamba, na nusu yake imejaa mchanga," akasema. "Mtaro unaleta maji mengi, bomba linapitisha kidogo. Yanayobaki yanajitafutia njia chini ya ukuta, yanapita nyuma kwa nyuma mpaka kule chini."

Watu walitazama miguu yao, na miguu ilikuwa juu ya zege. Mikutano yote ile ya kujadili mtaro, na karavati, na maji yasiyopita, walikuwa wameifanyia juu ya kizibo chenyewe, wameketi, wanapiga meza. Mwuza mkaa alishuka taratibu, akasimama njiani, kama vile uzito wake ndio uliokuwa unabana bomba.

"Mchanga niliubeba mimi," mwenyekiti akasema. Hakuna aliyemwuliza.

"Mama," mhandisi akamwambia Mama Kwanini, "hapa hatuwezi kuzibua tu. Mtaro upanuliwe na uachwe wazi, na hilo maana yake uwanja unaondoka. Manispaa italeta mafundi na kifuniko cha kupitia mlangoni kwako. Lakini siwezi kuleta nyundo hapa bila kauli yako."

Mama Kwanini aliinua uso juu. Alikuwa anatazama kamba zake. Nyumba yake haina nafasi nyingine hata ya kuanika leso, na dobi asiye na kamba ni mtu mwenye nguo za watu zilizolowa. Alimkasirikia marehemu, mwashi mzima, kuweka bomba kama la kunywea soda. Kisha akakumbuka alivyopiga magoti siku nzima akilisawazisha zege lile, akimwita kila saa aje aone, akamwonea huruma. Kisha akamkasirikia tena. Akageuka, akateremka na njia, na watu wakampisha.

Mdogo wake alikuwa ameshakausha sakafu. Tambara la buluu lilikuwa limening'inizwa kwenye ndoo.

"Umepaona," akasema.

Mama Kwanini alimtazama, akalitazama lile tambara, na hapo ndipo jambo lilipomwingia akilini.

"Ulikuwa unajua."

"Siku ukiwa na nguo nyingi, ukimwaga makarai yote kwa mpigo, maji yanafika hapa mlangoni. Toka shemeji yu hai. Nikiona bluu najisemea, Dada amemaliza kazi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza," mdogo wake akasema. Hakusema kwa hasira, na afadhali angesema kwa hasira. "Umemwuliza mwenyekiti, umemwuliza binti wa manispaa, umemwuliza hata dereva wa boza. Mwenye nyumba inayoingia maji ni mimi, na kila siku uko hapa unakunywa chai, hujaniuliza hata mara moja nadhani yanatoka wapi."

Mama Kwanini aliegemea mlango. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipomwuliza huyu mdogo wake jambo lolote, akangoja jibu. Wengine aliwauliza. Huyu alimsimulia.

"Na ningekuuliza, ungesema?"

"Sijui, Dada." Mdogo wake alikaa kwenye kiti cha cherehani. "Baba yao alipokufa, wanangu walisomeshwa na zile kamba. Umefua mpaka mikono ikachubuka, na hukuwahi kunitajia. Leo nije nikwambie uwanja wako uvunjwe kwa sababu ya jiko langu? Niliona heri nihame."

"Uhame, na mimi nisijue ni kwa sababu yangu."

"Ningekwambia mtoto ananiita. Na kweli ananiita."

Hapo Mama Kwanini alilia. Hakulia kwa kujifichaficha. Alilia kwa sauti, ameegemea mlango, na mdogo wake akamwacha alie, akasema "mh" mara moja tu. Alipomaliza alijifuta kwa mkono, akapandisha njia bila kuaga. Watu walikuwa bado wamesimama palepale. Alianza kwa kuanua shuka zilizokuwa zimekauka, akazikunja moja moja, akampa mwenyekiti azishike.

"Vunjeni," akasema.

Mwenyekiti aliomba nyundo ya kwanza apige yeye, kwa habari ya ule mchanga. Mafundi wa manispaa walikuja kama mhandisi alivyoahidi, na waliokuwa na mitaimbo wakaleta, na asiye na mtaimbo alizoa kifusi. Zege lile halikukubali kirahisi. Mwashi yule hakujua kuchagua bomba, lakini kuchanganya saruji alijua, na kila mtaimbo uliporuka juu bila kuacha alama, Mama Kwanini, aliyekuwa amekaa kizingitini, alicheka kidogo na kujifuta macho.

Kamba zilihamia kwa mdogo wake. Uwanja ule wa nyuma, maji yalipoacha kupita, ulikauka ukawa mgumu, na jua linafika pale asubuhi mpaka alasiri. Mwanawe alipokuja na gari kumchukua mama yake, alikuta shuka zimejaa kutoka ukuta mpaka ukuta, na masanduku yamefunguliwa, moja limewekwa vibanio vya nguo. Alipewa chai. Alisubiri kidogo aone kama kuna atakayemweleza, hakuna aliyemweleza, akarudi kwake.

Mvua zilianza siku moja asubuhi, nzito, za kupiga mabati mpaka watu wasisikilizane. Mtaro ulinguruma wazi njia nzima, ukapita ubavuni mwa nyumba ya Mama Kwanini, ukateremka mpaka kwenye karavati ambalo mtaa ulilisingizia miaka yote hiyo. Dada wawili walikuwa wamesimama jikoni, wameacha mlango wa nyuma wazi makusudi, wanatazama kizingiti. Kilikuwa kikavu. Walikitazama muda mrefu, kama watu wanaongoja mgeni aliyesema atakuja.

Mama Kwanini alikuwa na habari ya kusimulia, ya muuguzi na wale sungura. Ilikuwa imeshamfika mdomoni. Akaimeza.

"Hivi," akasema, "kuna jambo gani jingine ambalo sijawahi kukuuliza?"

Mdogo wake alifikiri. Alimimina chai vikombe viwili, akatia sukari, akakoroga.

"Ni mengi," akasema. "Vuta kiti."